Siku Stelingi Alipomsahau Mama Yake

Nimerudi nyumbani Bigwa, Morogoro, kwa sababu watu wamenikasirikia. Bora nikuambie mapema, rafiki yangu, usije ukadhani nimekuja kumsalimia mama au kupumzisha akili. Nilizima simu nikiwa bado Dar es Salaam, nikapanda basi, nikakaa dirishani upande wa kushoto. Milima ya Uluguru ilipojitokeza, na mawingu yake yamefungwa kiunoni kama kanga ya mtu anayejiandaa kufua, sikufurahi kama ninavyofurahi siku zote. Nilijiona kama mtoto aliyefeli anayerudi nyumbani.

Kazi yangu ni kutengeneza gemu za simu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama na kukosea, nikifuta na kuanza upya. Mimi ni mtu ambaye hata ujumbe wa "nimefika salama" nausoma na kuurekebisha kabla ya kuutuma, kwa hiyo fikiria nilivyoteseka na gemu nzima. Gemu yenyewe ni ya msichana anayepanda mlima kwenda kuurudisha ukungu ulioibwa kijijini kwao. Ukungu ule niliuchora upya mpaka macho yakauma. Nilitaka upite kati ya migomba kama unavyopita kweli asubuhi kule juu Kinole, polepole, ukigusa kila jani. Nilipoitoa, watu waliipenda. Waliicheza, wakaitana, wakausifia ukungu. Kisha wakaanza kufika mwisho.

Matusi hayakuwa mengi, na matusi ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni maneno ya mchezaji mmoja nisiyemjua, aliyeandika kwa utulivu kabisa: "Umetutembeza mlima mzima ili utuache hapa?" Niliyasoma mpaka yakaanza kusomeka kwa sauti yangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipozima simu.

Mama hamhoji mtu mpaka ashibe. Alinipa ugali na mboga ya maboga, akanitazama nikila, kisha asubuhi akanituma chumvi. Nilikwenda duka la kona, lile linalouza sasa makava ya simu na vocha na vitu vidogovidogo vya ndani. Nikiwa nimeshaipokea chumvi, mwanamke mmoja kutoka mlimani akapita na mzigo kichwani, na harufu ya mdalasini mbichi ikaingia dukani kabla yeye hajafika mlangoni. Nikatazama chini. Jiwe la kizingiti lilikuwa lilelile, limeliwa katikati na miguu ya watu. Miguu yangu pia ilishiriki kulila. Nilikuwa nimesimama ndani ya kibanda cha gemu cha utoto wangu, na sikuwa nimekitambua.

Kama hukukulia mitaa yetu, ngoja nikuoneshe. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma na bati. Dirisha lilizibwa na kitambaa cheusi ili jua lisishindane na picha. Mbele palikuwa na runinga ya chogo, imewekwa juu ya meza iliyofungwa kwa misumari ukutani, kwa sababu mwenye kibanda hakumwamini mtu. Chini yake mashine ya gemu, na feni ndogo ikiipuliza mashine, siyo sisi. Sisi tulijipulizia kwa makaratasi. Palikuwa na benchi za mbao, harufu ya jasho na karanga za kukaanga, na sauti ya mvua juu ya bati ambayo ilipozidi, mwenye kibanda aliongeza sauti ya runinga mpaka spika ikawa inalia kama nyuki kwenye kopo.

Siku zote gemu ilikuwa ya mpira. Wakubwa walicheza mpira, wadogo walitazama wakubwa wakicheza mpira. Lakini masika moja diski ya mpira ilikwaruzika ikakataa kabisa, na mwenye kibanda akabaki na diski moja tu aliyopewa pamoja na mashine, ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Ilikuwa ya hadithi. Kijana na kisu kirefu, milima, wanyama wa ajabu, na maneno mengi ya Kiingereza yanayopita chini.

Nilikwenda pale kumwita kaka yangu aje kula. Nikawakuta wamekwama. Mzee mmoja ndani ya gemu alikuwa anauliza jambo, na kila walipobonyeza walirudishwa mwanzo wa daraja. Nilisimama mlangoni nikasoma. Kiingereza changu cha wakati ule nilikiokota mwenyewe kwenye makopo ya dawa, kwenye maboksi ya sabuni na kwenye kamusi ya kaka iliyokosa herufi za mwisho, lakini pale kilitosha. Nikasema, "Anataka kujua unampelekea nani maji." Wakageuka wote. Fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeshika padi kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote, akabonyeza, na daraja likafunguka.

Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine. Nikaitwa Tafsiri. Niliwekewa kreti la soda lililopinduliwa, pembeni ya runinga, na kazi yangu ikawa ile ya watu wanaozungumza juu ya sinema kwenye vibanda vya video: picha inasema lake, wewe unasema lako, na watazamaji wanachukua linalowafaa. "Tafsiri, huyo mama analia nini?" "Tafsiri, mbona huyu anacheka peke yake, ana nia gani?" Msichana mdogo, sare ya shule imechanika kwapani, na wanaume wazima wakininyamazia nimalize kusoma.

Nikiri kwamba niliogopa kila siku. Maneno mengine sikuyajua, na pale nisipojua nilijaza. Sikumficha mtu. Wakinisikia nimeanza "ikawa siku hiyo," walijua nimeacha kusoma nikaanza kusimulia, na waliniruhusu alimradi isichoshe. Kujaza huko nilikupata kwa bibi.

Bibi yangu, mama yake mama, aliishi Kinole, na likizo zetu zote tulizila huko pamoja na machungwa yake. Msimu wa mvua, magome ya mdalasini yanapolegea, tulikaa ukumbini tukiyakwangua na kuyabandua, vidole vikinuka utamu mpaka chakula cha jioni nacho kikanuka hivyohivyo. Bibi alisimulia mchana kweupe. Majirani walimwonya kwamba anayesimulia hadithi mchana huota pembe. Yeye alijibu kwamba pembe huwaota wenye mikono iliyokaa bure. Hadithi kwake ilikuwa ya kuzisukuma kazi, na alikuwa na kipimo chake: hakututazama usoni, alitutazama mikono. Akifika mwisho na mikono yetu inaendelea kukwangua, hadithi imekubaliwa. Mikono ikisimama, maana yake tumeikataa. Hapo hakubishana wala kutuambia tumekosa adabu. Alivuta pumzi, akasema, "Kumbe bado hatujafika," akaendelea, akatafuta njia nyingine ya kushuka.

Turudi kibandani. Stelingi wetu, kwa maana kila hadithi ina stelingi wake, alikuwa na jina ambalo ulimi wangu haukuliweza. Fundi cherehani alisema anatembea ameinama mbele kama watu wa mlimani, kwa hiyo ni Mluguru, hakuna mjadala. Na kwa kuwa mwanzoni kabisa ni kaka yake mama aliyempa kile kisu na kumwagiza safari, tukamwita Mpwa. Kwetu mambo ndivyo yanavyokwenda, au ndivyo yalivyokwenda: mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba linapita kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Hakuna aliyeona ajabu. Mpwa alitumwa na mjomba wake. Nani mwingine angemtuma?

Alitumwa maji. Chemchemi ya kijiji ilikuwa imekauka, na maji yote yamefungiwa kwenye mnara wa mfalme wa mbali. Picha ya kwanza ya gemu ilikuwa mama yake Mpwa, amesimama mlangoni na mtungi mtupu, akimtazama mwanawe anavyopungua kwenye njia mpaka anakuwa nukta. Picha ile ilitukaa. Kila Mpwa alipoangushwa na majoka na kuanza upya, kuna mtu kwenye benchi alisema, "Amka baba, mtungi unakungoja."

Masika yalikuwa yanaelekea mwisho tulipoukaribia mnara. Mtaa mzima ulijua. Hapo ndipo mwenye kibanda, mtu mkavu aliyependa kutukumbusha kwamba hapa siyo sebuleni kwa mama yetu, alipotuonesha diski mpya ya mpira iliyofika kutoka mjini, bado imefungwa nailoni yake. Akaiweka juu ya runinga, mbele ya macho yangu. Alisema yeye hana ugomvi na hadithi. Jumamosi Mpwa anamaliza. Watu wakiinuka wameridhika, atatafuta diski nyingine ya hadithi na mimi nitabaki kwenye kreti langu. Wakiinuka wamenuna, mpira unarudi na kila mtu arudi kwenye nafasi yake. Sikuuliza nafasi yangu ni ipi. Niliijua: mlangoni, kumwita kaka aje kula.

Wiki ile sikula vizuri. Nilirudia nilivyosoma, nikajipima matamshi mbele ya kioo cha mama. Hofu ya wakati ule ndiyo hii niliyonayo leo, nimekua nayo kama mtu anavyokua na kovu la gotini.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bibi alikuwa ameshuka kutoka Kinole na ndizi na matita yake ya mdalasini. Ndizi aliziuza, kisha mvua ikamzuia kurudi. Alikuja kutafuta mahali pakavu, akamkuta mjukuu wake amekaa juu ya kreti mbele ya wanaume. Aliketi juu ya gunia lake pale pale kwenye kizingiti, akafungua matita ya mdalasini yaliyolegea, akaanza kuyafunga upya kwa kamba za mgomba, kama vile alikuja kwa kazi hiyo.

Fundi cherehani alicheza kama mtu anayeshona nguo ya harusi yake. Majoka yalianguka. Lango la mnara likafunguka. Hofu yetu sote ilikuwa moja, kwamba stelingi atakufa, maana kuna fununu ilitoka mtaa wa pili. Stelingi kufa ni jambo ambalo hakuna benchi lingelivumilia. Lakini hakufa. Mfalme alishuka kwenye kiti chake, mzee mwenye ndevu nyeupe, akamfungulia Mpwa mikono na kuanza kusema. Maneno yakaanza kupita chini, na kwa mara ya kwanza nilielewa kila neno, na nikatamani nisingeelewa.

Ningeweza kuyageuza. Nakiri niliwaza. Lakini mbele yangu alikaa mtoto wa bwana afya, kijana wa sekondari ambaye familia yao ilihamishiwa Morogoro kutoka kaskazini, na yeye Kiingereza alikijua. Zaidi ya hapo, mimi kitu nikikijua vizuri siwezi kukisema vibaya. Kwa hiyo nikatafsiri. Nikasema: "Anamwambia, mimi ndiye baba yako. Kiti hiki ni chako. Kaa."

Mpwa akakaa. Akavikwa taji. Malango ya mnara yakafungwa, muziki ukapanda, picha ikawa nyeusi, na majina yakaanza kupanda taratibu kutoka chini.

Kisha fundi cherehani akaiweka padi chini, sakafuni, kama mtu anavyoweka kitu ambacho hataki tena kukigusa. Nikaitazama mikono yake. Imesimama. Ya wote ilikuwa imesimama, hata ya wale waliokuwa wakijipulizia.

"Na maji?" mtu akauliza nyuma.

Hapo kibanda kikapasuka. Mmoja alisema nimeruka ukurasa, nirudishe. Mwingine alisema bora angekufa, angalau tungemzika. Fundi cherehani alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kwamba yeye amemvusha kijana mito yote ile, leo amepata kiti amesahau mtungi. Mtoto wa bwana afya ndiye pekee aliyeridhika. Alieleza kwa upole kwamba mwisho ni mzuri sana: kijana amempata baba, amerithi, kwa hiyo mambo yamekaa sawa.

"Kwetu ndivyo ilivyo," akasema. "Mtoto wa kiume anarithi kwa baba yake."

"Kwenu," fundi akajibu. "Huyu siyo wa kwenu. Huyu ana mjomba wake."

"Mjomba hana ufalme, fundi."

"Ana mpwa. Na sasa hana."

Watu wakagawanyika. Wale waliotoka mikoa mingine wakasogea upande wa mtoto wa bwana afya, hata waliokuwa wamekasirika mwanzoni, na watu wa mlimani wakabaki upande wa fundi, na ukoo wa kijana wa kuchorwa ukajadiliwa kama ni kesi ya shamba mbele ya baraza. Mimi nilikuwa nimekodolea macho nailoni ya diski ya mpira. Mwenye kibanda alikuwa ameshainyanyua. Alikuwa anatafuta kwa ukucha mahali pa kuanzia kuchana.

Sauti ya bibi ilitoka mlangoni, ya kawaida tu, sauti ya kuuliza bei ya dagaa.

"We mtoto, hayo yanayopanda hapo ni nini?"

Bibi hakujua kusoma. Nikamwambia ni majina ya watu waliotengeneza gemu.

Akayatazama yakipanda. Yalikuwa mengi, hayana mwisho. "Wote hao?" akasema. "Na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka mama?"

Walicheka pande zote mbili, hata mtoto wa bwana afya. Katika kile kicheko bibi akaongeza, akinitazama mimi peke yangu, "Mikono imesimama. Kumbe bado hatujafika."

Sijui kama umewahi kusukumwa mtoni na mtu anayekupenda. Nilisimama juu ya kreti. Nikasema, "Ikawa siku hiyo."

Mwenye kibanda akaacha kuchana.

Nikasema Mpwa alikaa kwenye kiti, na kiti kilikuwa cha baridi. Asubuhi waliletewa maji kwenye kikombe cha fedha, yeye na baba yake, na kila Mpwa alipokiinua kinywani alisikia mtungi mtupu ukigonga mlango wa nyumbani kwao. Hakuweza kumeza. Siku moja akamwuliza mfalme, "Baba, wewe mjomba wako yuko wapi?" Ndevu za mfalme zikalowa machozi. Kwa maana yeye naye, nikasema, alikuwa mpwa wa watu. Yeye naye alitumwa maji akiwa kijana, akafika kwenye mnara huu, akamkuta mzee aliyemwambia kaa, akakaa. Kiti kile ndicho kilichokuwa kinakula vijana wa watu.

Benchi la watu wa mlimani likasema "eh," kwa pamoja, chini kwa chini. Majina yalikuwa yanapanda bado nyuma yangu. Niliomba yasiishe. Pembeni ya jicho nikamwona fundi cherehani anainama, anaiokota padi. Hapakuwa na kitu cha kubonyeza, gemu ilikwisha. Lakini alianza kubonyeza, taratibu, kidole gumba kikisukuma mbele, na nikaelewa kwamba anamnyanyua Mpwa kwenye kiti.

Basi nikamnyanyua naye. Waliinuka wote wawili, baba na mwana, wakashika lile taji wakalitumia kama patasi, wakauvunja mnara chini kwenye msingi. Maji yakatoka. Wao hawakuyabeba, waliyafuata, yakiwaonesha njia kwa sababu maji yanajua kushuka. Wakapita kila mahali tulipopita. Fundi akapinda kushoto kwenye daraja la mzee wa maswali, nami nikapinda. Watu wakaanza kunikumbusha: "Usisahau yule mbuzi tuliyemwacha mtoni." Nikamchukua mbuzi.

Mtoto wa bwana afya akainua mkono kama darasani. "Na baba anakwenda kufanya nini huko ukweni?"

Nilikuwa sijafikiria. Nikafungua mdomo na jibu likatoka lenyewe. "Alipokelewa vizuri, kama mkwe. Wakampa jembe."

Kibanda kilivyocheka, kaka yangu anasema walisikia mpaka nyumbani. Mfalme mzima kapewa jembe. Fundi alijifuta macho kwa mkono wa shati bila kuachia padi. Mtoto wa bwana afya alicheka mpaka akagonga kichwa ukutani, akasema haya, angalau baba naye amefika.

Nikamalizia nyumbani. Mama alikuwa mlangoni palepale. Hakuona nukta ikikua njiani, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka kungoja. Alisikia kwanza: tone, ndani ya mtungi. Akageuka. Mwanawe amesimama, amelowa. Mama hakuuliza habari za taji wala za mnara. Alisema, "Umechelewa. Shika mtungi upande huu."

Nikaishia hapo. Majina yakaisha. Skrini ikabaki nyeusi kabisa, na ndani yake tukajiona sisi wenyewe, tumebanana kwenye benchi.

Sikuwaangalia nyuso. Nilimtazama bibi mikono. Ilikuwa inafunga mdalasini, tita baada ya tita, kamba inapita chini na kurudi juu. Haikusimama. Mwenye kibanda akairudisha diski ya mpira juu ya runinga, nailoni imechanika pembeni kidogo tu, akasema mvua imepungua na watu waende zao, Jumamosi ijayo atakuwa amepata nyingine ya hadithi. Hakunipongeza. Alilisogeza kreti langu ukutani kwa mguu, mahali ambapo mtu huweka kitu anachokihitaji kesho.

Hivyo vyote havipo tena, rafiki yangu. Bibi tulimzika Kinole, na ukumbi wake sasa una mlango wa chuma. Mwenye kibanda aliuza mashine, akahama. Siku hizi kila mtu ana gemu mfukoni na vidude vya kuziba masikio, na mwisho ukimuudhi anaudhika peke yake, kitandani, hana wa kumwambia "kwenu" wala wa kumwambia "siyo wa kwenu." Nadhani hicho ndicho ninachokikosa kuliko vyote: watu waliokasirika pamoja, chini ya bati moja, kwa ajili ya mama wa kuchorwa.

Lakini nilisimama pale dukani na chumvi yangu, harufu ya mdalasini ikiwa imeshapita, nikaisikia ile sentensi iliyonifukuza Dar. Umetutembeza mlima mzima ili utuache hapa? Mara hii haikuja kwa sauti yangu. Ilikuja kutoka kwenye benchi la nyuma.

Niliwasha simu. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda barazani kwa fundi cherehani, ambaye bado yupo, kichwa kimekuwa cheupe na miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniita Tafsiri bila hata kufikiri, kama vile nilitoka pale jana. Nikampa simu. Nikamwekea sehemu ya mwisho ya gemu yangu, nikakaa kwenye kigoda. Alicheza ameikunja midomo. Alimpandisha msichana wangu jabali kwa jabali, na pembeni mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni akasogea kutazama. Msichana akafika kileleni. Akaukuta ukungu, akaufungua, ukatawanyika juu ya nchi yote, ule ukungu wangu nilioufia macho. Picha ikafifia. Jina langu likapanda, peke yake.

Fundi akaiweka simu mezani, kando ya mkasi, kioo kikiangalia chini.

"Ukungu mzuri," akasema. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Na nyumbani anashuka lini?"

Nilicheka, nikacheka mpaka yule mama wa gauni akashtuka. Miezi yote ile nilipiga msasa kila tone la ukungu, na sikuona kwamba nimemwacha mtoto wa watu juu ya mlima bila njia ya kurudi. Mimi, niliyesimama juu ya kreti. Na watu wale walioniandikia hawakuwa wamenitupa. Walikuwa wameweka padi chini, basi, wananingoja.

"Kumbe bado hatujafika," nikamwambia.

Fundi akaigeuza simu. Kioo kilikuwa cheusi. Mama wa gauni akavuta stuli, akakaa. Nikavuta pumzi, nikasema ikawa siku hiyo, na nikaanza kumshusha yule msichana, kupitia migombani, kupitia kwenye michungwa, hadi palipo na moshi wa jikoni kwao. Nilikuwa bado niko katikati ya mlima nilipomtazama fundi mikono. Kidole chake gumba kilikuwa juu ya kioo cheusi, kinatembea.